Laptopu ya Kazi na Gemu kwa 36,000: Ishike Kwanza, Ndipo Ulipe

Mwezi uliopita tulikuwa Mukumu, kando ya barabara ya Kakamega–Kisumu, kwenye kikao chetu cha kufundisha wateja. Tulikuwa tumejiandaa kuzungumza kuhusu PIN na jumbe za ulaghai. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono, na swali lake likamaliza muda wote uliobaki: "Nilitumia mtu wa laptopu kule Nairobi elfu kumi na nane. Simu yake imezimwa wiki mbili sasa. Mnaweza kunirudishia?"

Kijana huyu hufanya kazi za mtandaoni, zile za kusikiliza sauti na kuiandika neno kwa neno. Amekuwa akikodi kompyuta kwa saa kwenye saiba, na kila saa anayolipia inakula alichopata. Muuzaji alimpata Facebook. Alitumiwa picha sita, video moja, na hata picha ya boksi lililoandikwa jina lake kwa kalamu nzito. Akaambiwa atume nusu ya bei ili mzigo uingie basi la jioni. Nusu ilienda, boksi halikuja.

Ilibidi tumwambie ukweli mbele ya watu, na haikuwa raha. Kurudishiwa pesa ni huduma ya mtu aliyekosea nambari, na hufanikiwa tu kama pesa bado ziko kwenye akaunti zilikoingia. Yeye hakukosea nambari. Alimtumia mtu aliyemkusudia, kwa hiari yake na kwa PIN yake, na jioni hiyo hiyo pesa zilitolewa kwa wakala. Tunachoweza kufanya ni kuifunga laini iliyolalamikiwa na kutoa rekodi polisi wakiziomba kwa njia ya sheria. Kuzirudisha hatuwezi, na ni heri ujue hivyo leo kuliko siku utakapotupigia ukiwa na machozi.

Basi akauliza la pili: "Sasa nikijikusanya tena, ninunue gani?" Huo ndio msingi wa makala haya. Sisi si wauzaji wa kompyuta, kwa hivyo uchukue haya kama maoni ya watu wanaoona malipo mengi ya laptopu, mazuri na mabaya. (Ndiyo, tunajua mwalimu wako wa Kiswahili alisema ni kipakatalishi. Dukani uliza laptopu.)

Tuanze na mfuko. Tuseme una 36,000. Kwa pesa hizo utashawishiwa na mashine za aina tatu. Ya kwanza ni mpya kabisa, ikiwa bado na nailoni, na ndani ina prosesa ya Celeron, RAM ya 4GB na hifadhi ndogo iliyogandishwa kwenye bodi. Inapendeza macho. Lakini ukiipa Windows, kurasa kumi za intaneti na faili moja la sauti, itaanza kukohoa, na mara nyingi huwezi kuiongezea kitu. Ya pili ni ile inayoitwa laptopu ya gemu, iliyotumika, yenye taa nyekundu chini ya kibodi. Ya tatu ni mashine nyeusi au ya kijivu isiyo na mvuto wowote, iliyokaa ofisini Uingereza miaka mitatu au minne, kisha ikauzwa kampuni ilipobadilisha vifaa. Wauzaji huiandika "ex-UK".

Maoni yetu ni kwamba mtu wa kazi anayecheza gemu mara mojamoja achukue hiyo ya tatu. HP EliteBook 840, Lenovo ThinkPad T480 na Dell Latitude 7490 zilitengenezwa kwa wafanyakazi wa kuzunguka nazo kila siku, kwa hivyo bawaba zake, kibodi zake na uwezekano wa kuzifungua na kuzikarabati si sawa na zile za plastiki laini. Na kwa sababu zimetoka Uingereza, plagi ya chaja inaingia kwenye soketi zetu bila adapta. Ni jambo dogo, lakini aliyewahi kununua ya Marekani analielewa.

Sasa, si kila "ex-UK" ni sawa, na hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ofisi nyingi za Ulaya zimekuwa zikiondoa mashine za kizazi cha 6 na cha 7 kwa sababu hiyo, na sehemu ya mashine hizo ndiyo hiyo inayokuja kwetu kwa bei ya kuvutia. Kujua kizazi ni rahisi: soma tarakimu zinazofuata i5 au i7. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-7200U ni cha 7. i5-8250U au 8350U ni cha 8, na hapo ndipo uanzie. Kwa EliteBook 840, kwa kawaida G3 ni kizazi cha 6, G4 cha 7, G5 cha 8. Tofauti si ya jina tu: prosesa hizi za laptopu nyembamba zilitoka kwenye kiini mbili hadi nne zilipofika kizazi cha 8, na hilo utalihisi siku ya kwanza.

Usidanganywe na kuona Windows 11 ikiwaka dukani. Kuna mafundi wanaoiingiza kwa nguvu kwenye mashine za kizazi cha 6. Itawaka, itapendeza, lakini Microsoft haiahidi kuipa masasisho ya usalama. Kwa mtu ambaye atafungua akaunti ya malipo yake na barua pepe yake ya kazi kwenye mashine hiyo, hilo si jambo la kupuuza. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuelezea kompyuta, usome jina la prosesa kwa macho yako.

Kuhusu gemu, tuseme ukweli ambao wauzaji hawapendi. Hiyo mashine ya ofisi haina kadi ya michoro ya peke yake. Haitacheza EA Sports FC mpya. Itacheza PES 2017, FIFA 14, GTA San Andreas na Minecraft bila shida kubwa, na Valorant kwa michoro ya chini. GTA V itajaribu, kwa mipangilio ya chini kabisa na subira yako, na itakumeza zaidi ya 70GB za diski, ambayo ni zaidi ya robo ya SSD ya 256GB. Kama hizo zinakutosha jioni baada ya kazi, umefika. Kama hazikutoshi, pale mjini Kakamega yapo mabanda ya PlayStation ambapo unalipa mchezo mmoja mmoja, unapigwa mabao na vijana wa shule, unarudi nyumbani. Kununua laptopu ya gemu ili ucheze Jumamosi mbili kwa mwezi ni kama kununua matatu ili uende kanisani.

Tena laptopu ya gemu ina gharama isiyoandikwa kwenye bei. Chaja ya mashine ya ofisi kwa kawaida ni wati 45 hadi 65. Ya gemu huanzia 120 kwenda juu. Betri yake huisha haraka. Na ikiwa imetumika miaka minne kwa gemu, imekaa miaka minne kwenye joto. Kwa mtu anayeishi ambako wingu la alasiri likikusanyika stima inaaga, betri ndiyo ajira yako. Mteja wa ng'ambo anayetaka kazi saa mbili usiku hataki kusikia habari za transfoma. T480 na EliteBook 840 G5 zinakubali chaji kupitia tundu la USB-C, kwa hivyo powerbank yenye nguvu ya kutosha inaweza kukuvusha usiku mmoja. T480 hata ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa.

Kuna siri moja ya RAM ambayo tungependa iwafikie wengi. Michoro ya mashine hizi hukopa RAM ya kompyuta. Kwa hivyo vipande viwili vya 4GB huendesha gemu vizuri kuliko kipande kimoja cha 8GB, kwa sababu mashine husoma njia mbili kwa pamoja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, kisha kumbukumbu: itakuonyesha nafasi ngapi zimetumika. Ukikuta moja kati ya mbili, unaweza kuongeza kipande cha pili baadaye ukipata pesa. Tungependelea ufike 16GB, lakini 8GB itakuanzisha.

Sasa turudi kwenye malipo, maana hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Watu wa Isukha wanajua fahali. Hakuna mtu wa Khayega au Shinyalu atakayenunua fahali wa kupigana kwa kutumiwa picha yake WhatsApp. Ataenda, atamzunguka, ataangalia miguu, atauliza alimpiga nani. Laptopu ya 36,000 inastahili heshima hiyo hiyo. Ndiyo maana tunasema nunua Kakamega mjini hata kama Nairobi ni nafuu kwa elfu mbili tatu. Hiyo tofauti ni nauli ya kurudi kumshika mtu shati mashine ikileta shida. Kama lazima iwe Nairobi, basi mtume binamu au shangazi aliye huko aende dukani, aishike, ndipo mlipe.

Ukiwa dukani, usione haya kukaa dakika ishirini. Chomoa chaja na ucheze video muda wote huo. Iunganishe na intaneti ya simu yako. Gusa kila kitufe, jaribu kila tundu, washa kamera. Fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Itatoa ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilio nao leo. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, ama ibadilishwe ama bei ishuke. Kisha iwashe upya ukibonyeza F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo au F2 kwa Dell. Ikiomba neno la siri ambalo muuzaji halijui, ondoka. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni fulani na kutaka barua pepe ya kazi, ondoka pia. Hiyo mashine bado ina mwenyewe.

Yote yakiwa sawa, lipa kwa nambari ya Till ya duka. Jina litatokea kwenye skrini kabla hujathibitisha. Lisome. Ukiambiwa "Till ina shida leo, tuma kwa nambari ya mdogo wangu," mwambie utarudi Till ikipona. Hatusemi kila anayesema hivyo ni mwizi. Wengine wanakwepa tu makato. Lakini malipo ya Till yanakuachia rekodi ya biashara, na malipo kwa mdogo wake yanakuachia jina la mtu usiyemjua. Dai risiti yenye nambari ya mashine, ile iliyobandikwa chini yake, na muda wa waranti uandikwe, si kusemwa.

Na je, kulipa kidogo kidogo? Tutasema jambo ambalo idara yetu ya mauzo huenda isilipende. Piga hesabu kabla ya kukubali. Tuseme laptopu ni 36,000 taslimu, na mpango wa mkopo unataka 9,000 mwanzo kisha 120 kila siku kwa mwaka. Mia na ishirini inasikika kama chai na mandazi. Lakini ni 43,800, na ukiongeza ile ya mwanzo ni 52,800. Umelipa 16,800 zaidi. Kuna mtu ambaye hilo ni sawa kwake: aliye na kazi mkononi leo, inayolipa leo, na anayeikosa kwa kukosa mashine. Kwa mwingine yeyote, 200 kwa siku kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa ni 36,000 baada ya siku 180. Mikopo ya simu ya siku chache usiiguse kabisa kwa jambo hili. Ni ya dharura, na laptopu si homa ya usiku.

Tunajua kuweka akiba kwa miezi sita ukiwa bado unalipia saiba kwa saa ni kupanda mlima na gunia mgongoni. Kijana wa Mukumu alituambia hivyo usoni. Tulipendekeza awaombe wenzake wawili wa chama chao wampe zamu ya mapema, na akasema atawauliza Jumapili.

Wiki iliyopita alimwandikia mwenzetu wa Kakamega. Amepewa zamu ya Machi. Polisi wamemchukua maelezo na wana nambari za muamala. Ameshapata rafiki anayesoma pale Masinde Muliro ambaye ataandamana naye dukani, na alikuwa na swali moja tu: je, akienda na flashi yenye PES 2017, muuzaji atakasirika akiijaribu pale kaunta? Tulimjibu aende nayo.