Barua ya Wazi kwa Gavana: Mafuta ya Ambulensi

Mheshimiwa Gavana,

Hongera kwa kutuzindulia tangi la maji katika zahanati yetu. Ni tangi la plastiki, kama yale yaliyo juu ya mapaa ya watu, lakini lilistahili mahema, kikundi cha ngoma, fulana zenye sura yako na msururu wa magari ambayo injini zake hazikuzimwa asubuhi nzima, wakubwa wasije wakakalia viti vya moto.

Siku hiyohiyo mke wangu alishikwa na uchungu. Muuguzi akaona mtoto amekaa vibaya, akaandika apelekwe hospitali kuu. Ambulensi ilikuwepo, imeoshwa, na dereva wake yupo. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Tukampakia kwenye tuktuk. Mwanangu alizaliwa maiti.

Sikuulizi dawa tunazoandikiwa tukanunue nje, wala mishahara ya wahudumu inayochelewa. Nauliza mafuta.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeitaja ambulensi waziwazi kuwa kazi ya kaunti. Si fadhila yako, wala huwezi kuisukumia Nairobi. Ibara ya 201 nayo inataka fedha za umma zitumiwe kwa busara. Wapambe wako watasema sherehe ilikuwa kwenye bajeti. Huenda. Lakini israfu haihalalishwi na muhuri. Kwetu tunafundishwa tangu chuoni kutomwaga maji ya udhu ovyo hata mto ukiwa umejaa. Sembuse mafuta, nayo yamekauka kwenye gari la wagonjwa? Kilichozidi kwenye msafara ndicho kilichopungua zahanati. Mafuta yaliyowapoza wageni yangemfikisha mama hospitali.

Nataka mafuta ya ambulensi yawe na fungu lake, ofisi yako isilitie mkono. Nataka gharama za uzinduzi ule, hadi senti ya mwisho, zibandikwe kwenye ubao wa zahanati.

Wala usidhani nakuandama peke yako. Wawakilishi wa wadi wanaovuka mpaka hadi Arusha kufundishwa kusoma bajeti, maofisa wanaojadili umaskini wetu wakiwa hotelini ufukweni, nyote mnakula sahani moja, na anayelipa ni mzazi aliye kwenye tuktuk.

Hadi leo hujaja kuhani. Ukija, njoo na gari moja.

Mimi,
Mpiga kura wako