Mradi Uishie Shamba la Mwisho

Mashamba ya Makanya, wilayani Same, hutegemea sana maji ya mafuriko yanayoteremka kutoka Milima ya Upare. Huko juu, wazee walijenga ndiva: maji hukusanywa usiku, hufunguliwa mchana, na kila mkulima hupata zamu yake. Mfereji ukiziba, ndiva iliyojaa haina faida.

Mtaalamu anayepanua ndiva bila kuwafikiria wakulima wa Makanya hajaondoa ukame; ameuteremsha tu bondeni. Kwa hiyo, hapana budi maofisa wa maji, wa kilimo na viongozi wa vijiji vya juu na vya chini wakae pamoja tangu siku ya kupima ardhi hadi maji yatakapofika shamba la mwisho. Hapo ndipo mradi huhesabiwa kuwa umekamilika.