Nyumba Iliyogeuka Duara

Juma hili tunaomba kusema juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni sura ya simu. Tunalisema kwa sababu hapa Tura, kama ilivyo katika vijiji vingi vya kandokando ya reli ya kati, simu si chombo cha mazungumzo tu. Ndani yake mna fedha ya mavuno, ada ya mwanafunzi na nauli ya mgonjwa anayepelekwa Tabora. Anayegeuza sura ya chombo hicho ameutia mkono mfukoni mwa mtu.

Chukueni picha moja tu. Zamani simu za Android zilikuwa na michoro mitatu chini ya kioo: mshale uliopinda wa kurudi nyuma, nyumba ya kurudi mwanzo, na vijisanduku viwili vilivyopandana. Bibi asiyejua herufi hata moja aliielewa nyumba. Mwaka 2014, katika toleo la tano la mfumo huo, Google waliifuta michoro hiyo wakaweka pembetatu, duara na mraba. Tunauliza, duara linamwambia nini mtu? Halimwambii lolote. Limewekwa kwa sababu linapendeza machoni pa aliyelichora. Kisha mwaka 2019, toleo la kumi likaleta njia ya kuviondoa hata vitufe hivyo: ukitaka kurudi, telezesha kidole kutoka ukingoni; ukitaka mwanzo, telezesha kutoka chini kwenda juu. Mlango upo, ila haujachorwa popote.

Apple nao si watakatifu. Mwaka 2013 waliondoa sura za vitu halisi, daftari lililofanana na daftari na rafu ya vitabu iliyofanana na mbao, wakaleta herufi nyembamba juu ya weupe mtupu. Mwaka 2017, katika iPhone X, wakakiondoa kitufe cha mviringo ambacho vidole vilikuwa vimekizoea kwa miaka kumi. Mwaka 2025 wakaja na Liquid Glass, vitufe vikawa angavu kama kioo, yaliyo nyuma yakachungulia na kusumbua usomaji. Manung'uniko yakatokea, na kabla ya mwaka huo kwisha wakaongeza chaguo la kupunguza uangavu. Basi masikio wanayo. Tatizo ni sauti za nani zinazoyafikia.

Yupo atakayetujibu kwamba Google, walipotangaza sura yao mpya mwaka 2025, walisema wamefanya tafiti 46 zenye washiriki zaidi ya 18,000, wazee wakiwamo. Hatuzidharau, na kitufe kikubwa ni jambo jema. Lakini kukiona kitufe upesi ni jambo moja, na kunyang'anywa ulichokwisha kujifunza ni jambo jingine. Ujuzi uliokaa vidoleni ni mali ya mwenye vidole. Aliupata kwa shida, pengine kwa kuelekezwa na mjukuu mwenye haraka, na hakuna aliyemwuliza kama yuko tayari kuanza upya.

Kwetu huku jambo hili lina ukali wake. Simu za Tecno, itel na Infinix, zote za kampuni moja ya China, Transsion, huivisha Android mavazi ya kwao. Aliyenunua simu ya bei nafuu hukaa nayo hadi ivunjike, huku masasisho makubwa yakimpita. Siku anaponunua nyingine, mageuzi ya miaka sita au saba humwangukia kwa siku moja. Hapo ndipo mzee anapomkabidhi mtu simu, na pamoja na simu, namba ya siri. Tusijifiche: fedha za wazee huweza kupotelea hapo, si kwa wezi wa mbali tu.

Tura ilikuwa kituo cha misafara ya kutoka pwani. Burton, aliyepita mwaka 1857, alieleza kwamba jina lake ni agizo la kutua mzigo, kwani hapa wapagazi waliutoka Mgunda Mkali. Misafara ile ilikuwa na desturi: kiongozi alipofika penye njia panda, aliifunga njia isiyofaa kwa matawi au kwa mstari mchangani, ili aliye nyuma kabisa, mwenye mzigo mzito, asipotee. Hakuibadili alama kila msimu ili aonekane stadi.

Tena mfano tunao mkononi. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mpaka leo mtu hupiga nyota 150 nyota 00 reli (nasi wa Tura reli tunaijua), ikatokea orodha ya namba isiyo na urembo wowote. Hufanya kazi katika kitochi na katika simu janja vilevile. Wachoraji wa California wangeiona aibu. Wazee wetu wanaiamini.

Tunayodai ni machache. Watengenezaji waache sura ya zamani ibaki kwa anayeitaka, nayo iwekwe mahali paonekanapo. Na ninyi wauza simu wa Tabora, vitufe vitatu bado vimo katika mipangilio ya simu nyingi za Android: virudisheni mbele ya mteja, kabla hajalipa.