Mchimbaji wa uvendle bado anadai

Uvendle, ambao wataalamu huuita Pelargonium sidoides, ni mmea wa porini wa ukoo wa jeraniamu. Huota Rasi ya Mashariki nchini Afrika Kusini na katika nyanda za juu za Lesotho. Majani yake ya kijivu yana umbo la moyo, na maua yake ni mekundu yaliyokoza hata kukaribia weusi. Lakini thamani yake imo ardhini, kwenye mizizi minene ambayo ukiikata ndani ni myekundu. Waxhosa na Wasotho wameitumia tangu zamani kutibu kikohozi na kuhara. Mwaka 1897 Mwingereza Charles Stevens, aliyekuwa akiugua kifua kikuu, alikwenda Afrika Kusini, akatibiwa na mganga kwa mzizi huo, kisha akarudi kwao na kuufanya biashara. Leo dawa ya mzizi huo huuzwa Ujerumani na kwingineko kwa wenye mkamba na mafua.

Januari 2010, Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilifuta hataza ya kampuni ya Kijerumani ya Schwabe juu ya namna ya kukamua dawa kutoka kwenye mizizi hiyo. Waliopinga ni watu wa Alice, mji mdogo wa Rasi ya Mashariki, wakisaidiwa na mashirika ya kiraia. Ushindi huo ulistahili kushangiliwa. Hata hivyo, hukumu ile ilisema tu nani asihodhi njia ya kukamua. Haikusema nani alipwe. Anayeinama na sururu kuchimba mzizi uliokua polepole kwa miaka huuza kwa uzito, kwa bei anayoipanga mnunuzi, na faida kubwa hupatikana baadaye, mzizi ukishavuka bahari na kutiwa chupani. Hapo ndipo dhuluma ilipo, na hataza ifutwe isifutwe, haiguswi.

Watetezi wa kampuni husema kuwa bila maabara, vipimo na majaribio kwa wagonjwa, uvendle ungebaki dawa ya kijijini. Ni kweli kazi hiyo ina gharama, na anayeifanya alipwe. Ila maabara haikuanza gizani: ilielekezwa kwenye mmea mmoja, na sehemu moja ya mmea huo, na watu waliokwisha kujua unatibu nini. Kazi ya kuujua nayo ni kazi.

Hoja nzito zaidi ni kwamba ujuzi huu ni wa watu wengi, katika nchi mbili, hivyo haijulikani nani mwenye haki. Afrika Kusini ilijaribu kulitatua hilo kwa sheria ya mwaka 2004 ya bayoanuwai, inayodai makubaliano ya kugawana manufaa. Lakini makubaliano yaliyopitia mamlaka ya kichifu yalizua malalamiko kutoka kwa wanajamii waliosema hawakushirikishwa. Naona malalamiko hayo yana msingi, kwa kuwa chifu si mchimbaji. Ugumu wa kugawa hauhalalishi kutolipa. Ujuzi una wenyewe wengi, lakini kila gunia la mizizi lina mchimbaji anayejulikana. Basi kibali cha kununua kitaje bei ya kilo anayolipwa yeye, kidai sehemu ya mzizi iachwe ardhini ichipue tena, na ukaushaji ufanyike hukohuko Alice kabla ya shehena kwenda bandarini.