Nairobi ni shahidi mgumu kwa watunzi wa tamthilia za upelelezi

MTAZAMAJI wa tamthilia za upelelezi hufanya kazi mbili. Mpelelezi anapomsaka muuaji, yeye humsaka mtayarishaji: mbona kikombe kilichojaa chai sasa ni kitupu, na tai ya afisa imebadilikaje rangi kabla hajashuka ngazi?

Makosa haya hayatokani na uzembe kila mara. Matukio hayarekodiwi kwa mpangilio wa hadithi, na mwanzo na mwisho wa mazungumzo yale yale huweza kutenganishwa na siku kadhaa.

Crime and Justice, iliyoanza kuonyeshwa na Showmax Februari 2021, Sarah Hassan na Alfred Munyua wakiigiza wapelelezi Makena na Silas, iliwasogezea wakazi wa Nairobi mchezo huu mlangoni. Mtu anayepita Waiyaki Way kila asubuhi hadanganyiki kwa urahisi.

Jiji lenyewe lina tarehe zake. Barabara ya juu ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa umma Mei 2022. Mhusika hawezi kupita chini ya nguzo zake katikati ya jiji, kisha afike Westlands ambako bado hazijajengwa.

Aidha, noti za zamani za Sh1,000 zilikoma kutumika baada ya Septemba 30, 2019. Hongo ikitolewa kwa noti hizo katika kisa cha 2021, mkazi wa Kawangware atacheka kabla pingu hazijatolewa. Naye askari anayevaa sare za samawati katika kisa cha 2015 ametangulia wakati, kwani zilizinduliwa Septemba 2018.

Hata hivyo, lipo kosa zito kuliko hayo yote, nalo ni la saa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita tangu akamatwe, au siku ya mahakama inayofuata iwapo muda huo unaishia nje ya saa za kazi. Ana haki pia ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili.

Katika tamthilia, jua likichomoza mara tatu katikati ya juma mshukiwa akiwa bado seli, bila kutajwa korti wala wakili, mwendelezo umevunjika vibaya kuliko wa kikombe cha chai. Lakini hapo watazamaji wengi hawacheki. Huenda wakadhani ndivyo sheria ilivyo, na siku ndugu yao akikamatwa, watasubiri kimya.

Watayarishaji huajiri mtu wa kukagua mavazi na vyombo baina ya picha moja na nyingine. Mtu huyo apewe pia kazi ya kuhesabu saa za mshukiwa. Mtazamaji naye, aliye hodari wa kuona tai iliyobadilika, azihesabu vilevile.