Fildi Inakwenda Julai, Kwelea Wanakuja Aprili

Pita vimbweta jioni yoyote utakuta vijana wanne wameinamia simu moja, wanamwangalia Mwingereza aliyejificha nyuma ya wavu pembeni ya shamba. Njiwa wanakuja, bunduki inalia, njiwa anaanguka. "Huyu jamaa noma!" Kisha lazima mmoja aseme kwamba akimaliza chuo atanunua shamba, atanunua na bunduki, ajifunze kulenga kama yule.

Siwacheki. Ila wanaangalia sehemu ndogo kuliko zote ya ile kazi. Kule Uingereza njiwa-mwitu ni mharibifu kweli, anakula njegere na majani ya mimea ya mafuta, na mtu anayefundishwa kumpiga haanzi na bunduki. Anaanza kwa kukaa na kutazama: ndege wanatokea wapi, wanafuata mstari gani wa miti, wanatua kona ipi ya shamba na saa ngapi. Halafu anafundishwa kujenga maficho na kupanga njiwa bandia ili wale wa kweli waone kama wenzao wanakula salama. Nyama haitupwi. Na sheria ipo juu yake: mwezi Aprili 2019 taasisi ya Natural England ilifuta vibali vya jumla vilivyoruhusu watu kuua ndege wa aina hiyo, baada ya wanaharakati wa Wild Justice kuhoji uhalali wake. Vibali vipya vilipotolewa vilikuja na masharti. Maana yake hata kule mtu haruhusiwi kuua ndege kwa sababu tu anajua kulenga. Lazima kuwe na zao la kulinda.

Sasa turudi nyumbani. Mharibifu wetu mkubwa si njiwa. Ni kwelea kwelea, kindege ambacho hakifiki hata gramu 20, na wataalamu wa ndege wanamhesabu kuwa ndege wa porini aliye wengi kuliko wote duniani. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Inaonekana si kitu. Lakini piga hesabu ya kundi la milioni moja, ambalo kwa kwelea ni kundi la kawaida: tani 10 kwa siku, yaani magunia 100 ya kilo mia mia. Kila siku. Mwanzoni mwa 2023 wenzetu wa Kisumu, Kenya, walipoteza kama ekari 300 za mpunga, na serikali yao ikatangaza kampeni ya kuua ndege hadi milioni sita.

Sasa nauliza swali la kiofisi kabisa: nani hapa chuoni amewahi kufundishwa chochote cha vitendo kuhusu huyu ndege? Tumesoma fungusi, tumesoma viwavi, tumechora mzunguko wa maisha ya funza wa mahindi mpaka tukauota. Kwelea amepewa slaidi moja, na neno "hudhibitiwa kwa kunyunyizia dawa". Tunaandika, tunafaulu, tunasahau.

Halafu angalia kalenda. Fildi zetu zinaanza Julai. Mpunga wa Usangu, ule wa mvua, unatia maziwa kati ya Aprili na Mei, na hapo ndipo kwelea anaupenda, punje ikiwa laini. Julai mpunga umeshavunwa, uko kwenye magunia, na mwanafunzi anakaribishwa ofisini kwa afisa ugani kupanga mafaili na kugonga mihuri. Anarudi na ripoti nzuri yenye picha za trekta. Ndege hajamwona.

Mimi niliwaona kwa bahati tu. Aprili mwaka jana tulikuwa na arobaini ya babu Mbarali, nikabaki siku sita kwa shangazi. Asubuhi ya kwanza, saa kumi na moja na nusu, giza bado, shangazi akagonga dirisha: "Mwanangu, umekuja kula tu? Twende dunguni." Dungu ni kile kichanja cha miti kilichoinuliwa katikati ya majaruba, kina paa la nyasi, na mtu anakaa juu yake kuamia ndege. (Wengine husema kuwinga. Ni kazi ileile.)

Mwalimu wangu alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa shangazi, yuko darasa la sita. Alikuwa na manati ya panda ya mpera na mpira wa tyubu ya baiskeli, kombeo la kamba ya katani, na rundo la vidonge vya udongo alivyovikausha juani. Kutoka dunguni kamba zilikwenda pande nne, zimefungwa makopo yenye changarawe ndani, na utepe wa kaseti za zamani umevutwa juu ya mpunga, upepo ukipita unavuma kama nyuki. Nikachukua manati nikalenga. "Dada, usilenge ndege," akaniambia. "Lenga mbele ya kundi, wageuke kabla hawajatua. Wakishatua umechelewa." Kombeo hata halihitaji kulenga. Kazi yake ni ule mlio wa kamba.

Ndani ya siku sita nilijua mambo ambayo sikuwahi kuyasikia darasani. Kwelea wana zamu mbili: alfajiri hadi kama saa nne, kisha wanapumzika kwenye miti na matete, kisha saa tisa hadi jua kuzama. Kundi linatembea kama moshi, wa nyuma wanaruka kwenda mbele. Dume wakati wa kuzaliana ana mdomo mwekundu na uso mweusi, ila jike wakati huohuo mdomo wake hugeuka njano, kwa hiyo anayejua "mdomo mwekundu" peke yake atawakosea nusu yao. Na kubwa kuliko yote: ukiwafukuza kwako umewapeleka kwa jirani. Dungu moja lenye mtu hodari halisaidii kijiji kama madungu matano ya pembeni yamelala.

Bunduki? Nilimuuliza mzee mmoja jirani. Akacheka mpaka akakohoa. "Risasi moja bei gani, mwanangu? Na kindege kile nyama yake ni ya kujaza kijiko." Tena kumiliki silaha kuna sheria yake na vibali vyake, na hata ukipewa bure, kuwapiga kwelea kwa bunduki ni sawa na kuchota ziwa kwa kisoda.

Lakini ninachotaka kusema si kwamba dungu ni tamu. Yule mtoto alikuwa wiki ya tatu hafiki shule kwa wakati. Anaingia saa nne na nusu, vipindi viwili vimepita, na jioni wenzake wakiwa kwenye masomo ya ziada yeye yuko juu ya kichanja. Nilipomgusia shangazi hakukasirika. Alisema tu, "Nikimtoa dunguni mpunga utaliwa. Mpunga ukiliwa, sare na daftari natoa wapi?" Mbarali nzima, Kilombero, na kwenye mashamba ya mtama kule Dodoma na Singida, kazi ya kupambana na ndege maarufu kuliko wote Afrika tumewaachia watoto wa shule ya msingi na manati zao. Darasa la sita anajua, mwaka wa tatu hajui.

Kuna mtu atasema, serikali ina ndege za kunyunyizia. Ni kweli zipo, na siku hizi hata ndege nyuki zinatumika. Sipingi. Makazi ya mamilioni ya kwelea yakiwa kando ya skimu kubwa ya umwagiliaji, huwezi kuwaambia watu wasubiri kombeo. Lakini taarifa inatoka kwa mkulima kwenda kwa afisa ugani, wilaya, mkoa, wizara, halafu dawa na ndege vitafutwe, na kwelea hajui itifaki. Akimaliza anahama.

Na dawa yenyewe tuizungumze kama watu wazima. Inayotumika zaidi Afrika ni fenthioni, sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Inanyunyizwa jua linapozama, ndege wakiwa wamerudi kulala. Haichagui. Bundi, mwewe, ndege wasiokula hata punje moja ya mpunga, wote wamo. Kisha asubuhi watu wanakwenda kuokota. Kwelea ni kitoweo, kila mtu anajua, na maskini akikuta mizoga imejaa chini ya miti hatasoma lebo ya pipa. Matangazo hutolewa, ndiyo. Lakini tangazo la mbao za ofisi ya kata halimfikii mama anayetafuta mboga.

Hapo ndipo ninapochoka na neno "mharibifu". Kundi lile la milioni moja lina tani 15 hadi 20 za ndege. Tunalipia mafuta ya ndege, tunalipia sumu, ili tani zote hizo ziwe kitu ambacho ukikila unaumwa. Na sisi hapa kafteria tunagombania paja la kuku.

Wako watu ambao walishajibu swali hili bila kutusubiri. Kondoa kuna wategaji wanaowakamata kwelea kwa mitego ya vikapu na kuwauza kwa chakula. Chad, karibu na N'Djamena, wategaji wanavizia ndege wanapolala usiku na wavu wa pembe tatu unaobebwa kwa mikono, na wanauza sokoni mamilioni kwa mamilioni. Hayo ni maarifa. Yana vipimo, yana saa, yana namna ya kusimama na upepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaandika, kuyapima na kuyaboresha: tundu la wavu liwe na ukubwa gani, ndege wasiohusika wanaachiwaje wakiwa hai, nyama inakaushwaje isioze safarini, kijiji kikitega kwa wiki mbili mpunga uliookoka ni magunia mangapi. Kila mojawapo ya hayo ni mada ya utafiti wa mwaka wa tatu, na haihitaji maabara ya mamilioni. Inahitaji wavu, mizani na mtu wa kuamka saa kumi.

Nimesikia pia hoja ya mtama, na hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Kwenye kozi ya tabianchi tunaambiwa mikoa ya ukame irudi kwenye mtama na uwele kwa sababu vinastahimili jua. Sawa kabisa. Mkulima wa Dodoma anajua hilo kuliko mhadhiri. Anapanda mahindi kwa sababu kwelea hamezi punje ya mahindi, na yeye hana watoto wa kutosha kukaa dunguni. Mvua ikikatika mahindi yanakauka, tunaandika kwamba mkulima "hana uelewa". Uelewa anao. Tunachomnyima ni jibu la ndege.

Kuna rafiki yangu wa sosholojia alinipinga tukiwa kwenye foleni ya maji. Akasema mtu akianza kufundisha vijana kuua ndege kwa wingi, hatutaishia kwelea, na akanitajia China ya 1958, walipotangaza vita dhidi ya shomoro. Wananchi walipiga masufuria mpaka shomoro wakaanguka kwa uchovu. Baadaye ikaonekana shomoro walikuwa wanakula pia wadudu, na mwaka 1960 shomoro akaondolewa kwenye orodha ya maadui, kunguni akawekwa mahali pake. Hoja nzuri. Ila kwangu inasaidia upande wangu: wale walitumwa kuua ndege ambaye hawakumsoma. Mtegaji wa Kondoa anamtofautisha kwelea na mnana gizani, kwa kumshika tu. Nani kati yetu anaweza?

Kwa hiyo ombi langu kwa idara ni dogo na lina tarehe. Fildi ya wiki mbili, Aprili, kwa wanaotaka, iwe na alama kama fildi nyingine. Mwanafunzi apangiwe kijiji, akae dunguni, ajifunze manati, kombeo na wavu kwa wanaovijua, na wale wazee na wategaji walipwe posho ya mkufunzi kama anavyolipwa mtu yeyote anayekuja kutufundisha. Naam, walipwe. Na kwa wiki hizo mbili watoto wa darasa la sita wa kijiji hicho wawe darasani tangu kengele ya kwanza, sisi tukiwa juu ya vichanja vyao. Najua wiki mbili hazimalizi msimu, na tukiondoka watarudi juu. Ndiyo maana utafiti wa mitego uende pamoja na zamu, ili kijiji kibaki na kitu.

Bumu haliongezwi, najua mtauliza. Nauli ya Mbeya tutajadiliana.

Ratiba ya mwaka kesho inafungwa mwisho wa muhula huu, na barua ya maombi iko kwenye ofisi ya serikali ya wanafunzi, inasubiri sahihi. Kama kwenu ni Mbarali, Kilombero, Kondoa au popote wanapoamia ndege, njoo usome kipengele cha mitego kabla hatujaipeleka, maana mimi nimeandika ninachojua kwa siku sita tu, na wewe umekulia dunguni.