Utabiri wa mvua nao ni taarifa ya bei

Wachuuzi wa masoko ya Tandale wilayani Kinondoni, na yale ya Tandika na Stereo wilayani Temeke, huanza siku kwa kuulizana bei ya tenga la nyanya na gunia la karoti. Ni nadra kuwasikia wakiulizana mvua imenyesha kiasi gani Lushoto au Mgeta. Hilo ni kosa la kibiashara, na hasara yake humwangukia kwanza yule mwenye mtaji mdogo.

Kabichi, karoti, hoho na nyanya nyingi zinazoliwa Dar es Salaam hutoka milimani, Lushoto katika Usambara na Mgeta katika Uluguru. Milima hiyo hukutana na upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi. Upepo ukipandishwa juu hupoa na kuangusha mvua, ndiyo maana jiji linaweza kupata manyunyu tu wakati huko juu mito imefurika. Barabara ya Mombo hadi Lushoto imekatizwa katika miteremko mikali, na mvua kubwa huweza kuiporomoshea udongo na mawe.

Lori likikwama siku mbili, mambo sokoni hufuata mkondo unaojulikana. Siku ya kwanza mzigo unapungua na bei inapanda. Mchuuzi anaogopa kukosa kabisa, anachukua fedha ya mkopo au ya upatu na kununua kwa bei ya juu. Siku ya tatu njia inafunguliwa, malori yanaingia kwa pamoja na bei inaporomoka. Nyanya hazisubiri. Yanayobaki mkononi mwake ni matenga yanayooza na deni lisilooza.

Hasara ya namna hii inaweza kupunguzwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa kila msimu, wa siku kumi, na tahadhari za siku tano zijazo. Dar es Salaam, Pwani, Tanga, kaskazini mwa Morogoro, Unguja na Pemba hupata mvua mara mbili kwa mwaka, yaani masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Iringa, ambako nyanya za Ilula hutoka, ina msimu mmoja, wa Novemba hadi Aprili. Kwa mfanyabiashara, tofauti hiyo ya kalenda ni mali. Vuli ikitabiriwa kuwa mbaya Usambara, ni busara kuzungumza mapema na dalali wa upande wa Iringa kuliko kungoja bei ipande ndipo atafutwe.

Hata hivyo, utabiri lazima usomwe kama unavyoandikwa. Utabiri wa msimu hugawa uwezekano katika mafungu matatu: mvua za juu ya wastani, za wastani na za chini ya wastani. Tuseme fungu la juu limepewa asilimia 45, la wastani 35 na la chini 20. Wengi watatangaza kwamba mvua kubwa inakuja. Ukweli wa hesabu ni kwamba asilimia 55 ziko upande wa mvua kutozidi wastani. Anayeweka mtaji wote kwenye fungu moja anacheza kamari. Mwenye akili hugawa manunuzi na kubaki na akiba.

Kosa jingine ni kusikiliza neno El Niño peke yake. Mwaka 1997 El Niño iliambatana na joto lisilo la kawaida upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, na mvua zake hazijasahaulika. Lakini mwaka 2019 vuli ilikuwa kubwa Afrika Mashariki bila El Niño ya maana, kwa sababu bahari hii ya kwetu ilikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia. Aliyetuliza moyo kwa kuwa Bahari ya Pasifiki imetulia alipimwa kwa mizani isiyo yake.

Bahari huleta pia mambo ya ghafla. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani karibu na Mafia, na tahadhari ilikuwa imetolewa kabla. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, Kilwa. Njia hiyo ndiyo inayopita Mbagala, hivyo mfanyabiashara wa Temeke anayengoja mzigo wa kusini hawezi kusema vimbunga ni habari za wavuvi.

Mwekezaji mdogo naye ana la kujifunza. Fremu ya duka iliyo bondeni huwa rahisi wakati wa kiangazi. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Kisarawe, na mvua ikinyesha huko maji hushuka hadi Jangwani na kuifunga Barabara ya Morogoro, kama ilivyotokea mara nyingi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Kabla ya kulipa kodi ya mwaka mzima, inafaa kuwauliza majirani maji yalifika wapi ukutani.

Halmashauri za Kinondoni na Temeke zina wajibu hapa. Mchuuzi hulipa ushuru kila siku, na ni haki yake kuona kwenye ubao wa soko utabiri wa siku tano ukiwa umeandikwa kwa Kiswahili chepesi, ukitaja milima yanakotoka mazao na barabara yanakopita. Gharama yake ni chaki na mtu wa kuandika.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa soko la Tandika, mawingu ya kutazamwa yako Lushoto, na atakayeyaona mapema hatanunua tenga kwa bei ya hofu.